Klabu ya Mpira ni Mali ya Nani?

Somo la elimu ya wafanyakazi kwa wanachama wa Nakivale na Mbarara



Safari hii tunaleta somo ambalo wengine wataliona kuwa ni la michezo tu. Tutaeleza jinsi klabu ya mpira wa miguu ya kulipwa inavyoanzishwa, na ni nani hasa huwa mwenye klabu hiyo. Tumelichagua kwa sababu kila tunapofanya mkutano Nakivale, iwe Base Camp, Rubondo au Juru, mazungumzo yakiisha vijana hutuuliza swali lile lile: "Sisi tuna timu nzuri. Tufanye nini ili iwe klabu ya kweli, kama zile za Mbarara na Kampala?"

Swali hilo ni la chama cha wafanyakazi kabisa. Timu zetu huundwa na waashi, wapagazi wa sokoni, madereva wa boda boda, mafundi cherehani na vibarua wa mashamba ya ndizi. Wao ndio wanaochanga fedha ya mpira, na wao ndio wanaocheza. Tena mchezaji anayelipwa ni mfanyakazi kama mfanyakazi mwingine. Kwa hiyo hapana budi tujifunze jambo hili mapema, kabla fedha hazijaingia. Fedha zikishaingia, kujifunza huwa ni kwa machozi.

1. MAHALI TULIPO

Makazi ya Nakivale yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya ndugu waliokimbia Rwanda. Yamo katika wilaya ya Isingiro, kiasi cha kilomita 60 kutoka Mbarara, na leo wanaishi humo zaidi ya watu 100,000 kutoka Congo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na kwingineko, pamoja na wenyeji wa Ankole wanaowazunguka. Lugha ni nyingi, lakini jioni uwanjani lugha huwa moja.

Mbarara, ambayo ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2020, imekwisha onja Ligi Kuu ya Uganda. Mwaka 2017 klabu ya Mbarara City ilipanda katika ligi hiyo, ikicheza katika uwanja wa Kakyeka, na rais wake alikuwa mwanasiasa Mwine Mpaka. Mwaka uliofuata klabu nyingine ya mji huo huo, Nyamityobora, nayo ilipanda, ikacheza msimu mmoja na kuteremka. Kijana wa Nakivale anayepanda gari kwenda kuangalia mechi Kakyeka huona kwa macho yake kwamba ligi kuu haiko mbali. Kilomita 60 si kitu. Njia ndefu ni ile ya kutoka timu ya mtaa hadi klabu yenye katiba, daftari na sahihi.

2. MANENO MATATU YA KUTOFAUTISHA

Watu wengi huchanganya maneno matatu: mwanzilishi, mfadhili na mmiliki.

Mwanzilishi ni yule aliyeianza timu. Aliwakusanya vijana, akatafuta mpira, akaomba uwanja. Heshima yake ni kubwa, lakini kuanzisha peke yake hakumpi mtu mali.

Mfadhili ni yule anayetoa msaada: jezi, viatu, lori la kuwasafirisha wachezaji, fedha za chakula. Anaweza kutaka jina lake liandikwe kifuani mwa jezi. Huyo amenunua tangazo, hakununua klabu.

Mmiliki ni yule ambaye maandishi yanamtaja. Jina lake limo katika hati ya kuandikishwa. Sahihi yake ndiyo inayotoa fedha benki. Yeye ndiye mwenye neno la mwisho klabu ikiuzwa, ikihamishwa au ikibadilishwa jina.

Tuchukue mfano. Tuseme vijana wa mtaa mmoja wa Nakivale wameicheza timu yao kwa miaka sita. Anakuja mfanyabiashara mwenye moyo mwema, anawapa jezi mbili mbili na kuwalipia gari. Mwaka wa pili anasema, "Nitawasaidia kuiandikisha." Vijana wanashangilia. Anakwenda peke yake na karatasi anajaza peke yake. Mwaka wa tatu timu inashinda, na yeye anaihamishia mjini na kuipa jina jipya. Vijana wanalia kwamba wameibiwa. Je, wameibiwa? Kwa maandishi, hapana. Timu ilikuwa yao kwa jasho, lakini siku ya kuandika hawakuwapo mezani.

Hilo ndilo fundisho kubwa la somo letu: klabu huwa ya yule aliyeandikwa, na siku ya kuandika ni moja.

3. NJIA NNE ZA KUMILIKI KLABU

Tukiangalia klabu za Afrika Mashariki tunaona njia nne.

(a) Klabu ya mwajiri

Mwaka 1963 Samuel Wamala, aliyekuwa mkuu wa kazi za maji machafu katika Halmashauri ya Jiji la Kampala, alianzisha timu ya wafanyakazi wa idara yake wapate burudani baada ya kazi. Timu ile ndiyo KCC, ambayo siku hizi inaitwa KCCA. Mwaka 1978 ilitwaa kombe la klabu bingwa za Afrika Mashariki na Kati. Uwanja wake wa Lugogo una jina la Phillip Omondi, mmoja wa wachezaji wake mashuhuri. Ndugu zangu, tukumbuke kwamba klabu hiyo kubwa ilianzia kwa watu wa mitaro.

Tanzania nako timu ya Azam ilianza mwaka 2004 kama timu ya wafanyakazi wa kiwanda cha unga cha Mzizima, cha kampuni ya Bakhresa. Kampuni ikaichukua, ikaijengea uwanja wake Chamazi, na katika msimu wa 2013/14 ikawa bingwa wa Tanzania Bara bila kufungwa hata mechi moja.

Faida ya njia hii ni kwamba mshahara unapatikana na uwanja unapatikana. Hatari yake ni kwamba uhai wa klabu umefungwa kwenye uhai wa mwajiri. Timu ya benki ya UCB ilikuwa bingwa wa Uganda mwaka 1979. Benki yenyewe iliuzwa kwa Stanbic mwaka 2002, na leo jina la UCB halisikiki tena katika ligi. Mwajiri akiuza duka, hamwulizi golikipa.

(b) Klabu ya mtu mmoja

Klabu ya Vipers, ambayo zamani iliitwa Bunamwaya, ni mali ya Lawrence Mulindwa, mwenye shule ya St. Mary's Kitende na rais wa FUFA kutoka 2005 hadi 2013. Ameijengea uwanja mzuri huko Kitende na imetwaa ubingwa mara nyingi. Hatuna sababu ya kuficha ukweli: mtu mmoja mwenye nia na fedha huamua haraka, na kazi huonekana.

Lakini kinachoamuliwa haraka kwa kujenga huweza kuamuliwa haraka vile vile kwa kuhamisha. Klabu ya Soana ilijulikana kwa jina hilo hadi ligi kuu. Mwaka 2018 ikabadilishwa jina kuwa Tooro United na makao yake yakawa Fort Portal. Watu wa Tooro walifurahi kupata klabu. Aliyekuwa akiishangilia Soana kila wiki alibaki na kumbukumbu. Hakuna sheria iliyovunjwa hapo. Mwenye mali alitumia haki yake, na mshabiki, hata akikata tiketi miaka kumi, tiketi haimpi kura.

(c) Klabu ya wanachama

Hii ndiyo njia ya zamani ya Dar es Salaam. Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936. Wenyewe ni wanachama wenye kadi, wanaolipa ada na kuchagua viongozi katika mkutano mkuu. Njia hii inafanana sana na chama chetu cha wafanyakazi: kadi moja, kura moja.

Uzuri wake ni kwamba hakuna mtu mmoja anayeweza kuamka asubuhi akaiuza klabu. Ubaya wake ni magomvi, na ukosefu wa fedha za kutosha. Mwaka 1976 mgogoro ndani ya Yanga ulizaa klabu nyingine, Pan African. Wanachama wakishindwa kuelewana mkutanoni, uwanjani hakuna timu itakayosimama. Kwa hiyo asije mtu akadhani kwamba kuandika "mali ya wanachama" kwenye karatasi kunatosha. Bila mikutano, bila hesabu kusomwa, klabu ya wanachama huwa mali ya mwenyekiti.

(d) Klabu ya mseto

Kwa kuwa ada za wanachama hazitoshi kulipa wachezaji wa siku hizi, Simba ilitafuta njia ya kati. Mwaka 2016 mfanyabiashara Mohammed Dewji alijitokeza kutaka kununua asilimia 51 ya klabu kwa shilingi bilioni 20 za Tanzania. Serikali ikaweka msimamo kwamba wanachama lazima wabaki na sehemu kubwa. Mwishowe wakakubaliana: mwekezaji asilimia 49, wanachama asilimia 51.

Ujerumani wana kanuni ya namna hiyo tangu mwaka 1998. Kwa kawaida klabu haiwezi kucheza ligi kuu kama wanachama wake hawana zaidi ya nusu ya kura. Ziko klabu chache zilizoruhusiwa kuwa tofauti, lakini kanuni ndiyo hiyo. Tajiri anakaribishwa kuingiza fedha, lakini usukani unabaki kwa wanachama.

Angalieni tofauti ya 51 na 49. Ni hatua mbili tu, na humo ndimo ilimo klabu yote.

4. YALIYOWAPATA WAFANYAKAZI WA WOOLWICH

Vijana wetu wengi huvaa fulana za Arsenal na Manchester United. Ni vema wajue historia ya fulana hizo.

Arsenal ilianzishwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich, London. Walichangishana senti zao wakanunua mpira. Manchester United ilianzishwa mwaka 1878 na wafanyakazi wa reli wa Newton Heath. Hawa walikuwa wavuja jasho kama sisi. Kisha klabu zikawa kampuni. Ile ya Woolwich mwaka 1893. Hisa zikauzwa, zikarithiwa, zikauzwa tena. Mwaka 2005 familia ya Glazer ya Marekani iliinunua Manchester United, na sehemu kubwa ya mkopo wa kuinunulia ikatwishwa klabu yenyewe. Mwaka 2018 tajiri mwingine wa Marekani, Stan Kroenke, alimaliza kununua hisa zote za Arsenal.

Hatusemi kwamba wale wafanyakazi wa kwanza walidanganywa. Wengi wao walitaka tu mchezo mzuri siku ya Jumamosi, na kampuni ilileta fedha za kujenga. Tunachosema ni kwamba hisa hutembea. Kitu kinachoweza kuuzwa, ipo siku kitauzwa. Wasiotaka kitu chao kiuzwe, waandike tangu mwanzo kwamba hakiuzwi, au kwamba hakiuzwi bila kura ya wanachama wengi.

5. SHERIA INASEMAJE KWA MKIMBIZI?

Wako wanaosema, "Sisi ni wakimbizi, hatuna ruhusa ya kuwa na klabu. Lazima tumtafute mwenyeji atuandikie kwa jina lake." Maneno hayo si sahihi, na yamewapotezea watu mali.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kujiunga na vyama visivyo vya kisiasa na visivyo vya kutafuta faida, na pia vyama vya wafanyakazi. Ndiyo maana ninyi mnaweza kuwa wanachama wetu. Klabu ya michezo ya wanachama, isiyogawana faida, inaingia katika haki hiyo. Sheria hiyo hiyo inataja haki ya kufanya kazi ya kipato, kufanya biashara na kuanzisha kampuni kwa kufuata sheria za nchi. Kwa hiyo hata njia ya kampuni haikufungwa.

Kuhusu michezo yenyewe, Sheria ya Taifa ya Michezo ya mwaka 2023 ilichukua nafasi ya ile ya 1964. Baraza la Taifa la Michezo ndilo lenye kuandikisha vyama vya michezo. Mpira wa miguu unasimamiwa na FUFA. Ngazi ziko hivi: ligi ya wilaya, ligi ya kanda, kisha Big League, na juu kabisa Ligi Kuu. Timu ya Nakivale huanzia chini, katika wilaya ya Isingiro, kama timu ya mahali pengine popote.

Hata hivyo, kuna mambo matatu ya hali yetu ambayo lazima yaangaliwe.

La kwanza ni ardhi. Ardhi ya makazi ni ya serikali, nasi tumepewa kuitumia. Uwanja mnaouchezea si mali ya klabu. Ombeni ruhusa ya maandishi katika ofisi ya kamanda wa makazi, na nakala ikae katika faili.

La pili ni karatasi za wachezaji. Mchezaji aliyewahi kusajiliwa na klabu ya Congo au Burundi lazima apate hati ya uhamisho wa kimataifa kabla ya kuchezea klabu ya Uganda. Msiache jambo hili hadi siku ya mechi. Wapinzani watakata rufaa, nanyi mtanyang'anywa pointi mlizozitolea jasho.

La tatu ni safari. Nakivale mwenyekiti anaweza kuitwa wiki hii, na baada ya muda yuko Canada au Marekani. Tunamtakia heri. Lakini kama hati, mihuri na namba za siri za benki zilikuwa kwake peke yake, klabu imesafiri naye. Kwa hiyo kila cheo kiwe na makamu. Fedha zitolewe kwa sahihi za watu wawili kati ya watatu waliotajwa. Hati zote ziwe na nakala mahali pawili. Katika watu hao watatu ni vema awemo mwenyeji mmoja anayeaminika, akiwa mwanachama sawa na wengine, si mwenye klabu.

6. DAFTARI NDIYO GHALA

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika mpira methali hiyo ina hesabu yake, nasi tutaifanya hapa.

Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akinunuliwa kutoka klabu ya nchi moja kwenda klabu ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha hizo hugawiwa klabu zilizomlea tangu msimu wa miaka 12 hadi wa miaka 23. Kwa kila msimu wa miaka 12 hadi 15, klabu iliyokuwa naye hupata robo ya asilimia moja. Kwa kila msimu wa miaka 16 hadi 23, hupata nusu ya asilimia moja.

Tuseme kijana amesajiliwa kwenu tangu msimu wa miaka 13 hadi wa miaka 17. Misimu mitatu ya kwanza ni 0.25 mara 3, yaani 0.75. Misimu miwili ya mwisho ni 0.5 mara 2, yaani 1. Jumla ni asilimia 1.75. Kijana huyo akija kununuliwa kwa dola 200,000, sehemu yenu ni dola 3,500. Akinunuliwa tena kwa njia hiyo, mnapata tena. Kando ya hayo iko fidia ya malezi, ambayo hudaiwa kijana anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa katika nchi nyingine.

Sasa sikilizeni sharti lake. Fedha hizo hulipwa kwa klabu iliyoandikishwa, na kwa misimu ambayo jina la kijana lilikuwa limesajiliwa. Tangu Novemba 2022 malipo ya namna hii hupitia ofisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris, baada ya kumbukumbu za usajili wa mchezaji tangu utoto wake kuangaliwa. Timu isiyo katika kumbukumbu haipati hata senti, hata kama mtaa mzima unajua kwamba mtoto alikulia pale.

Eduardo Camavinga alizaliwa mwaka 2002 katika kambi ya wakimbizi nchini Angola, wazazi wake wakitoka Congo. Familia ikaenda Ufaransa, naye akajifunza mpira katika klabu ndogo ya mji wa Fougères kabla ya kwenda Rennes, na mwaka 2021 akahamia Real Madrid. Klabu ndogo inayomsajili mtoto tangu msimu wa miaka 12, wakati hakuna anayemjua, inaweza kudai haki yake. Je, mtoto wa Juru anayecheza peku jioni ya leo, jina lake limeandikwa wapi?

7. MCHEZAJI NI MFANYAKAZI

Tusipiganie umiliki wa klabu tukasahau mwenye miguu. Klabu inaweza kuwa ya wanachama na bado ikawa mwajiri mbaya.

Kwa kanuni za FIFA, mchezaji wa kulipwa ni yule mwenye mkataba wa maandishi na anayelipwa zaidi ya gharama anazotumia kwa ajili ya mpira. Anayerudishiwa nauli na kupewa chakula tu bado ni wa ridhaa. Kwa hiyo kiongozi asiite timu yake "ya kulipwa" kwa sababu ya soda na nauli.

Mkataba usizidi miaka mitano, na wa kijana aliye chini ya miaka 18 usizidi miaka mitatu. Klabu ikikaa na mishahara ya miezi miwili ya mchezaji bila kumlipa kinyume cha haki, mchezaji anaweza kuiandikia na kuipa angalau siku 15. Isipolipa, anaruhusiwa kuvunja mkataba kwa sababu ya haki.

Jambo jingine ni watu wanaojiita wenye mchezaji. Huja kwa mzazi maskini wakasema, "Nitamsomesha mwanao, nitamnunulia viatu, lakini akiuzwa nusu ni yangu." Tangu Mei 2015 FIFA imekataza mtu wa nje kumiliki sehemu ya fedha za uhamisho wa mchezaji. Mzazi asitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi kama hiyo. Anayetaka kusaidia mtoto asome, na asaidie. Binadamu hana hisa.

8. HATUA ZA KUFUATA

Tunashauri timu inayotaka kuwa klabu ifuate hatua hizi, kwa utaratibu, bila kuruka.

Kwanza, itishwe mkutano wa wote wanaohusika: wachezaji, wazazi, mashabiki, wachuuzi wa uwanjani, wakimbizi na wenyeji. Akina mama wasiachwe, maana wao ndio wanaofua jezi na kuwalisha wachezaji, na wasichana nao wana timu. Majina yaandikwe na kila mtu atie sahihi. Orodha hiyo ndiyo hati ya kwanza ya klabu.

Pili, iandikwe katiba fupi katika lugha ambayo wanachama wanaielewa, kisha itafsiriwe kwa Kiingereza kwa ajili ya ofisi. Ndani yake yawemo mambo haya: klabu ni ya wanachama; kila mwanachama kura moja; jina, rangi na makao havibadilishwi bila theluthi mbili ya kura; klabu ikivunjika mali yake haigawanywi bali inakwenda kwa michezo ya watoto.

Tatu, ada iwe ndogo lakini ilipwe. Wanachama 200 wakitoa shilingi 2,000 kila mmoja kwa mwezi, hizo ni shilingi 400,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 4,800,000. Hazitoshi kulipa mishahara. Zinatosha kuanza kwa mipira na usafiri, na kubwa kuliko hilo, zinatosha kuwafanya wanachama wawe na ulimi mkutanoni. Asiyetoa kitu huona haya kuuliza hesabu.

Nne, ifunguliwe akaunti ya benki kwa jina la klabu. Kila fedha iwe na risiti. Mweka hazina asome hesabu mbele ya wanachama kila miezi mitatu.

Tano, klabu ijiunge na chama cha mpira cha wilaya, na watoto wote wasajiliwe kwa majina yao na tarehe zao za kuzaliwa za kweli. Kupunguza umri ni kujiibia.

Sita, mfadhili akija, apokewe kwa heshima na aandikiwe mkataba wake: anatoa nini, kwa muda gani, naye anapata nini. Mkataba wa ufadhili uwe karatasi mbali na katiba. Asiyekubali kuandikishana huyo si mfadhili, ni mnunuzi aliyejificha.

Saba, siku klabu itakapokua na kuhitaji mtaji mkubwa, jambo hilo lipelekwe kwa wanachama likiwa wazi. Wanaweza kukataa. Wanaweza pia kukubali kutoa sehemu, wakijua wanabaki na 51 au zaidi. Hata kuuza si dhambi, ikiwa wenye mali wamekaa, wamejadili na wamepiga kura. Tunachokataa ni mtu kuuziwa kitu chake usingizini.

9. MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Timu ya mtaa wenu ni mali ya nani leo? Onyesheni karatasi.
2. Kama mwenyekiti wenu akisafiri kesho na asirudi, ni vitu gani vitapotea?
3. Mfadhili anataka klabu iitwe jina la duka lake. Mtamjibu nini, na kwa kifungu gani cha katiba?
4. Kijana amekaa kwenu tangu msimu wa miaka 14 hadi wa miaka 18, kisha akanunuliwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kwa dola 100,000. Piga hesabu ya fungu la klabu.
5. Kuna tofauti gani kati ya kuongoza klabu ya wanachama na kuongoza tawi la chama cha wafanyakazi?

Makatibu wa matawi wakusanye majibu ya vikundi na kuyaleta katika mkutano ujao wa wilaya. Jibu la swali la nne ni dola 2,000. Kikundi kilichopata tofauti kirudie sehemu ya sita. Na kikundi kilichokosa karatasi ya kuonyesha katika swali la kwanza, kianze hatua ya kwanza Jumapili hii, kabla mtu mwingine hajaianza kwa niaba yenu.

Umoja ni nguvu.